Mtaka cha mvunguni huinama: Usafi wa mivungu ya magurudumu ndio uhai wa gari

KILA Jumamosi asubuhi, katika vituo vya kuoshea magari kuanzia Mombasa hadi Eldoret, shughuli huwa ni ile ile. Povu humwagwa juu ya paa, vioo husuguliwa vikang'aa, mazulia huanikwa juani na viti vikafyonzwa vumbi. Muda si muda, mwenye gari hukabidhiwa ufunguo wake, akalizunguka gari mara moja, akaridhika na kushika njia.

Ni wachache mno ambao huinama kutazama nyuma ya magurudumu. Laiti wangeinama, wengi wangekuta tope la majuma mawili yaliyopita bado limeganda pale pale, limeshikamana na mabati, springi na mabomba ya breki. Gari limetoka likiwa safi machoni, lakini sehemu inayochakaa upesi kuliko nyingine zote haikuguswa.

Sehemu hiyo ni mvungu wa gurudumu, yaani ule uwazi wa nusu duara ambamo gurudumu huzungukia. Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mwenye gari, kilichomo mvunguni si kidogo: ni uimara wa bodi, usalama wa breki, na thamani ya mali ambayo huenda alijinyima miaka kadhaa ili kuinunua.

Mvungu na vilivyomo

Mvungu wa gurudumu una kuta mbili. Ukuta wa nje ni ile madigadi inayoonekana na kila mtu, iliyopakwa rangi ya gari. Ukuta wa ndani ni bati lililoungwa na sehemu kuu za bodi. Kuta hizi mbili hukutana kwenye ukingo wa mvungu, na hapo bati moja hukunjwa au kuchomelewa juu ya jingine.

Katika magari mengi ya kisasa, bati la ndani hufunikwa kwa kinga ya plastiki iliyoshikiliwa kwa vibanio vidogo. Baadhi ya magari huwa na kinga ya kitambaa kigumu mfano wa zulia, iliyokusudiwa kupunguza kelele za mawe na maji. Magari ya zamani na ya kubeba mizigo aghalabu hayana kinga yoyote, na bati huachwa wazi likiwa limepakwa rangi nzito tu.

Ndani ya mvungu huo huo mna springi, shokapu, diski au ngoma ya breki, paipu ya mpira inayopitisha mafuta ya breki, na viungo vya usukani. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, mna pia ekseli yenye mfuko wa mpira uliojaa grisi. Magari yenye breki za ABS huwa pia na waya mwembamba wa kihisi cha mwendo wa gurudumu.

Vyombo hivi vyote hupigwa na kila kitu ambacho gurudumu hukiokota barabarani: changarawe, maji ya mitaro, lami iliyoyeyuka kwa jua, majani, mafuta yaliyomwagika na matope. Hakuna sehemu nyingine ya gari inayopata kipigo cha aina hiyo.

Jinsi kutu inavyoanza

Ili chuma kishike kutu, mambo mawili sharti yawepo: maji na hewa ya oksijeni. Chumvi ikiongezwa, kutu hukaza mwendo, kwa kuwa maji ya chumvi hurahisisha kupita kwa chembe za umeme zinazosababisha chuma kuliwa.

Wengi hudhani kwamba mvua ndiyo adui mkuu wa bati. Ukweli ni kwamba maji yanayotiririka na kukauka hayana madhara makubwa. Madhara huletwa na unyevu usiokauka. Tope lililoganda mvunguni hufanya kazi kama sifongo. Kwa nje huonekana kavu, lakini ndani, pale linapogusana na bati, hubaki na majimaji kwa siku nyingi. Kila mvua inaponyesha, au kila gari linapopita kwenye dimbwi, sifongo hilo hujaa upya.

Aina ya udongo pia huchangia. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana maeneo kama Athi River, Kitengela na sehemu za Embakasi hushika maji kwa muda mrefu na kunata mfano wa gundi. Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kiambu na Murang'a nao huingia katika kila upenyo na kuacha doa. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, na ule wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndio wakati mivungu hujaa zaidi.

Huko pwani mambo ni tofauti kidogo. Hewa ya baharini hubeba chembechembe za chumvi ambazo hutua juu ya vyuma vyote, iwe mvua imenyesha au haijanyesha. Gari linalolala karibu na ufuo wa Mombasa au Malindi huhitaji kuoshwa chini mara nyingi zaidi kuliko lile la bara, hata kama halijawahi kuingia topeni.

Viwanda vingi siku hizi hupaka mabati zinki kabla ya rangi ili kuyakinga. Hata hivyo, kinga hiyo hukwaruzwa na changarawe inayorushwa na gurudumu. Mkwaruzo mmoja usiozidi ukubwa wa punje ya mchele hutosha kuwa mlango wa kutu. Kutoka hapo, kutu hutambaa chini ya rangi bila kuonekana, hadi siku rangi inapofura kama lengelenge kwenye ukingo wa madigadi. Siku hiyo mwenye gari hudhani kutu ndiyo kwanza imeanza, kumbe imekwisha kula bati kutoka ndani na sasa inatokeza nje.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Chini ya milango, kati ya mvungu wa mbele na ule wa nyuma, mna boriti ya bati iliyo wazi ndani, yenye vitundu vidogo vya kutolea maji. Tope likiziba vitundu hivyo, maji husimama ndani ya boriti. Boriti hiyo ni sehemu ya mifupa ya gari. Ikioza, gari hupoteza uimara wake wakati wa ajali, na hata mahali pa kuwekea jeki huweza kubonyea.

Gari lililovuka bahari

Magari mengi ya kibinafsi yaliyoko nchini yaliingia yakiwa yametumika kwingine, hasa Japani. Kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri usiozidi miaka minane. Kwa hivyo, gari ambalo hapa huitwa jipya huwa limekwisha kupitia misimu kadhaa ya baridi.

Katika maeneo ya kaskazini mwa Japani kama vile Hokkaido na Tohoku, theluji hufunika barabara wakati wa baridi. Ili kuyeyusha barafu, barabara hizo hunyunyizwa chumvi. Gari lililotumika huko huweza kufika bandarini Mombasa likiwa na rangi inayometameta ilhali mivungu yake imeanza kuliwa.

Katika karatasi za mnada za Japani, wakaguzi huandika alama za kasoro juu ya mchoro wa gari. Aghalabu herufi S huashiria kutu, na herufi C huashiria kutu iliyokwisha kulitafuna bati. Mnunuzi anayeonyeshwa karatasi hiyo na wakala wake anafaa kuitazama kwa makini kabla ya kulipa, maadamu gari likishavuka bahari hakuna wa kulirudisha.

Si urembo pekee

Wapo wanaochukulia usafi wa mivungu kuwa anasa ya watu wenye muda wa kupoteza. Dhana hiyo si sahihi. Tope huficha kasoro ambazo dereva anapaswa kuziona mapema.

Mathalani, paipu ya mpira ya breki huanza kupasuka kwa nyufa nyembamba kabla ya kutoboka. Nyufa hizo huonekana tu paipu ikiwa safi. Mafuta ya breki yakivuja, huacha alama ya majimaji upande wa ndani wa gurudumu. Tope likiwa limejaa pale, alama hiyo hunyonywa na kupotea, na dereva hupata habari siku anapokanyaga breki na mguu kuzama hadi sakafuni.

Hali kadhalika, mfuko wa mpira unaofunika kiungo cha ekseli ukichanika, grisi hurushwa na kutapakaa kwenye kuta za mvungu. Anayeosha mvungu wake mara kwa mara huliona doa hilo jeusi la grisi mara moja. Kubadilisha mfuko peke yake ni kazi ndogo. Lakini mchanga ukiingia na kusaga kiungo chenyewe, ekseli nzima huenda ikahitaji kubadilishwa.

Gurudumu lenyewe nalo lina upande usioonekana. Uvimbe ubavuni mwa mpira, ambao ni dalili kuwa nyuzi za ndani zimekatika, huweza kutokea upande wa ndani kama unavyotokea nje. Tairi la namna hiyo linaweza kupasuka gari likiwa katika mwendo wa kasi.

Fauka ya hayo, tope likiganda ndani ya rimu huvuruga mizani ya gurudumu. Usukani huanza kutetemeka gari linapoongeza kasi. Madereva wengi waliosafiri kwenye barabara zenye matope hukimbilia karakana wakidhani viungo vya usukani vimelegea, ilhali dawa ya maradhi hayo ni ndoo mbili za maji na brashi.

Hatua za kuosha

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya bei ghali. Vinavyohitajika ni maji ya kutosha, ndoo, sabuni ya kuoshea magari, brashi yenye mpini mrefu, brashi ndogo ya kufikia kwenye pembe, kitambaa na glavu za mpira. Brashi na kitambaa cha mvunguni visitumiwe kamwe kwenye bodi, kwani chembe za mchanga zinazonasa humo hukwaruza rangi.

Kwanza, gari liegeshwe mahali tambarare, giya iwekwe, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Gari lililotoka safarini liachwe lipoe kwanza. Diski za breki zilizopata moto zikimwagiwa maji baridi ghafla huweza kupinda, na sabuni hukaukia juu ya rimu yenye moto ikaacha madoa.

Pili, mivungu na magurudumu vioshwe kabla ya bodi. Wanaoanza na paa na kumalizia na magurudumu hurusha matope juu ya milango waliyokwisha kuiosha, wakalazimika kurudia kazi.

Tatu, matope yalowekwe. Maji yamwagwe mvunguni kutoka juu kwenda chini, kisha yaachwe kwa dakika kumi hivi ili tope lilainike. Kulikwangua tope kavu kwa kijiti au bisibisi ni kukwangua pia rangi inayokinga bati. Baada ya tope kulainika, maji yamwagwe tena hadi mabonge yote yaanguke.

Anayetumia mashine ya kurusha maji kwa kasi hana budi kuwa mwangalifu. Mdomo wa bomba usikaribie vyombo kwa chini ya sentimita 30 hivi, na usielekezwe moja kwa moja kwenye mifuko ya mpira ya ekseli, waya za vihisi vya ABS, paipu za breki wala beringi. Maji yenye nguvu nyingi hupenya kwenye mihuri ya mpira na kufukuza grisi iliyomo.

Nne, sabuni ipakwe na kusuguliwa. Brashi ianze sehemu ya juu kabisa ya mvungu, mahali ambapo tope hujificha, kisha ishuke pande zote mbili. Ukingo wa madigadi, pale mabati mawili yanapokunjana, usuguliwe kwa brashi ndogo au kwa vidole vilivyovikwa kitambaa, kwa sababu hapo ndipo kutu hupendelea kuanzia. Usukani ukizungushwa hadi mwisho upande mmoja, kisha upande wa pili, magurudumu ya mbele hupisha na kuachia nafasi ya mkono kufika ndani.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo hutumiwa na wengi kwa sababu ya bei yake. Ina nguvu ya kuondoa mafuta, lakini huondoa pia nta inayokinga rangi. Ikilazimu kutumiwa, iwe kidogo, itumiwe mvunguni tu, na isuuzwe kwa maji mengi. Dawa zenye tindikali kali ziepukwe kabisa, hasa kwenye magari yenye rimu za alumini.

Matone ya lami hayatoki kwa sabuni. Kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo hutosha kuyafuta, almuradi mafuta hayo yasiguse mipira wala breki, na mahali hapo paoshwe kwa sabuni mara tu lami inapotoka. Kazi hiyo isifanywe karibu na moto wala sigara.

Vumbi jeusi linaloganda karibu na breki lisipulizwe kwa hewa wala kupanguswa likiwa kavu. Vumbi hilo hutokana na kusagika kwa pedi na diski, na baadhi ya pedi, hasa za zamani, huwa na asbestosi, madini yanayodhuru mapafu. Vumbi hilo lilowekwe kwanza, ndipo lioshwe.

Tano, kila kitu kisuuzwe. Anayeosha ahakikishe kuwa vitundu vya kutolea maji chini ya milango viko wazi na kwamba maji yanayotoka mvunguni ni meupe. Kisha gari liendeshwe polepole kwa mwendo mfupi huku breki zikikanyagwa kwa wepesi mara kadhaa ili zikauke. Gari likiachwa limesimama na breki ya mkono ikiwa imevutwa ilhali breki zimelowa, pedi huweza kushikana na chuma.

Gurudumu linapong'olewa

Kwa usafi wa kila juma, hakuna haja ya kuondoa magurudumu. Lakini mara moja au mbili kwa mwaka, hasa baada ya masika, inafaa magurudumu yang'olewe moja baada ya jingine ili mvungu wote uonekane.

Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini, ndipo jeki ipandishwe mahali palipotajwa katika kitabu cha maelezo ya gari. Gari likishainuliwa, liwekewe stendi ya chuma. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Huteleza au kushuka bila onyo, na mtu hapaswi kuingiza kichwa wala mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Gurudumu lililong'olewa lilazwe chini ya boriti ya mlango liwe kinga ya ziada.

Wakati wa kurudisha, nati zikazwe kwa kufuata nyota, yaani kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, wala si kwa kufuata mzunguko. Zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limeshuka chini, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kupaka dawa

Baada ya kuosha na kukauka kabisa, mvungu huweza kupakwa dawa ya kuutunza. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu plastiki, kitambaa na bati kila kimoja kina dawa yake.

Kinga ya plastiki hupakwa dawa maalumu ya plastiki na mpira. Dawa hiyo hurejesha weusi uliopauka na kuufanya uso wa plastiki kuwa mtelezi, hata tope likose pa kung'ang'ania na kutoka upesi safari inayofuata. Zile zinazochanganywa na maji hazivutii vumbi sana zikilinganishwa na zile nzito zenye mafuta. Ipakwe kwa sifongo, safu nyembamba, kisha ifutwe kwa kitambaa kikavu.

Kinga ya kitambaa haipakwi chochote. Mafuta hunywewa na nyuzi zake yakashika mchanga, na kinga ikawa nzito hadi kukatika kwenye vibanio. Maji na brashi vinatosha.

Dawa hizi zote zisiguse diski wala pedi za breki, wala sehemu ya tairi inayokanyaga lami. Anayepaka kwa kupuliza afunike breki kwanza. Tone la silikoni kwenye pedi laweza kupunguza nguvu za breki wakati zinapohitajika zaidi.

Bati lililo wazi huhitaji kinga ya aina nyingine. Likiwa zima, hutosha kupakwa nta ya kukinga kutu au rangi nzito yenye mpira au lami. Likiwa limeanza kutu, sharti kutu iondolewe kwanza kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipakwe dawa ya kuigeuza, kisha rangi ya msingi, na mwishowe ile rangi nzito.

Kupaka rangi nzito juu ya kutu au juu ya bati lenye unyevu ni sawa na kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Kwa nje mvungu huonekana mweusi na mzuri, lakini unyevu uliofungiwa ndani huendelea na kazi yake bila kusumbuliwa na mtu.

Hadithi ya oili chafu

Kuna desturi iliyokita mizizi katika vituo vingi ya kupuliza chini ya gari oili iliyotumika, pengine ikichanganywa na dizeli, kwa imani kwamba huzuia kutu. Ni kweli kuwa mafuta huzuia maji yasifike kwenye chuma kwa muda. Lakini madhara ya oili hiyo hushinda faida yake.

Kwanza, oili hushika vumbi, na baada ya siku chache chini ya gari huwa pamefunikwa na utandu mzito uliochanganyika na mchanga. Pili, oili na dizeli hulainisha na kuvimbisha baadhi ya mipira, zikiwemo bushi za springi na mifuko ya ekseli, ambayo huharibika kabla ya wakati wake. Tatu, zikirushwa bila uangalifu hufikia breki. Nne, mafuta yanayodondokea kwenye ekzosi yenye moto huweza kufuka moshi au hata kuwaka.

Isitoshe, oili iliyotoka kwenye injini imehusishwa na saratani ya ngozi kwa wanaoishika mara kwa mara bila kinga. Anayeumia kwanza basi si mwenye gari, bali kijana anayeipuliza huku akiwa kifua wazi na bila glavu.

Maji yanakokwenda

Maji yanayotoka mvunguni hubeba mafuta, grisi, chembe za breki na sabuni. Yakielekezwa kwenye mtaro wa mvua, hufika mtoni bila kusafishwa. Sheria ya usimamizi na uratibu wa mazingira ya mwaka 1999 hupiga marufuku kumwaga uchafu wenye sumu kwenye vyanzo vya maji, na wenye vituo hutakiwa kuwa na mashimo ya kutenganisha mafuta na maji.

Athari hazikomei kwa samaki na mimea. Mjini Kisumu, kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakiosha magari yakiwa yameingizwa ukingoni mwa Ziwa Victoria, wenyewe wakiwa wamesimama majini. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao kutoka Marekani waliwafuatilia waosha magari hao na kuwakuta na maradhi ya kichocho, yanayosambazwa na viluwiluwi vya vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Walitibiwa, lakini wengi waliambukizwa tena kwa vile riziki iliwarudisha kwenye maji yale yale.

Mwenye gari anayetaka mivungu yake ing'ae anafaa kulikumbuka hilo anapochagua mahali pa kulioshea. Kituo chenye sakafu ya saruji, maji ya bomba au kisima na shimo la kutega mafuta hulinda gari, mto na mwoshaji kwa pamoja. Anayeosha nyumbani afanyie kazi hiyo mbali na kisima na mtaro.

Jicho la mnunuzi

Ujuzi huu humfaa pia anayenunua gari lililotumika hapa nchini. Rangi hudanganya, lakini mvungu hausemi uongo. Tochi na sumaku ndogo iliyovikwa kitambaa hutosha. Sumaku ikishika kwenye madigadi nzima lakini ikaanguka kwenye ukingo wa mvungu, yamkini bati la hapo lilioza na nafasi yake ikajazwa fila. Isipokuwa kwamba madigadi za plastiki na alumini hazishiki sumaku hata zikiwa zima.

Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi, ilhali kwingineko chini ya gari pamechakaa, nayo ni sababu ya kuuliza maswali. Vivyo hivyo, kinga ya plastiki iliyofungwa kwa waya badala ya vibanio ni ushahidi kwamba mvungu huo umewahi kufunguliwa, huenda baada ya ajali.

Kwa mwenye gari anayelitunza, ratiba si ngumu kuifuata. Mivungu ioshwe kwa maji kila gari linapooshwa, isuguliwe kwa sabuni mara moja kwa mwezi, na isafishwe siku ile ile gari linapotoka kwenye matope au ufuoni. Magurudumu yang'olewe kila baada ya masika, mabati yakaguliwe, na kila mkwaruzo upakwe rangi ukingali mdogo.

Kazi yote hiyo haichukui zaidi ya nusu saa kwa juma. Kukata bati lililooza, kuchomelea jipya na kulipaka rangi huchukua siku kadhaa karakanani, na bado gari halirudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari, ufa wenyewe huanzia mvunguni.